Tairi za theluji kwenye joto la Dodoma: niliyojifunza nikitafuta tairi na rimu za gari langu

Gari lililotumika Japani linaposhuka bandarini Dar es Salaam huwa limevaa tairi alizochagua mtu mwingine, kwa barabara za kwao na hali ya hewa ya kwao. Sisi tunafungua boneti, tunasikiliza injini, tunauliza kilomita, tunachungulia viti, kisha tukiona tairi zina kashata nene, yaani ile michoro ya mpira inayogusa lami, tunasema "tairi bado mpya kabisa" na kuhamia kwenye bei. Mimi kashata nene ilinifikisha pabaya, watoto wakiwa wamekaa kiti cha nyuma. Tangu hapo nimekuwa nikitazama tairi za magari yaliyoegeshwa pale Mtumba kwenye mji wa serikali, na kwenye maegesho ya Sabasaba, na kila mara naziona tairi za aina ile ile, za theluji, zikitembea juani. Ndiyo sababu naandika.

Nilihamia Dodoma kikazi. Mama yangu anaishi kijiji kimoja cha Kondoa, na ukiacha lami kwenda kwake kuna kipande cha changarawe na makorongo ya mchanga ambayo wakati wa kifuku hujaa maji ghafla. Gari la chini lingenitesa. Nikachagua Subaru Forester ya toleo lililotoka kati ya 2008 na 2012, kwa kuwa magurudumu yote manne yanavuta, na mafundi wanaolijua hapa mjini hawakosekani. Nililinunua kwenye yadi moja ya Dar es Salaam. Muuzaji alipofika kwenye tairi alizigonga kwa kiatu akasema, "Dada, hapo hugusi kitu miaka mitatu." Kwa macho ya kawaida alikuwa sahihi: kashata ilikuwa ndefu kuliko tairi nyingi nilizowahi kuona kwenye gari la mkononi.

Tulilipandisha Dodoma mwezi wa saba, msimu wa upepo na baridi. Kitu pekee nilichokisikia ni mlio, uvumi wa chini usioisha kila tukizidi kilomita 70 kwa saa. Niliambiwa ni kawaida ya tairi zenye kashata kubwa.

Oktoba ikaingia. Anayeishi hapa anaijua Oktoba ya Dodoma: mchana joto linapita nyuzi 30 na lami yenyewe, ikiwa imelala juani tangu asubuhi, inaweza kuzidi nyuzi 50. Gari likaanza kubadilika. Usukani ukawa mzito kuitikia. Nakata kona ya mzunguko, na gari linafikiri kwanza ndipo linafuata. Upepo wa pembeni ukivuma kwenye ule uwazi wa baada ya Ihumwa, nyuma kunayumba. Na zile kashata nene zilikuwa zinaisha kwa kasi ya kutisha, kingo zake zikiwa zimechakaa upande mmoja kiasi kwamba ukipitisha kiganja unahisi meno.

Fundi wa kwanza alisema ni alaimenti, yaani mkao wa magurudumu. Tukapima, tukarekebisha, hali ikabaki ile ile. Wa pili akasema ni shokapu za nyuma. Wa tatu akabadilisha pedi za breki, kwa sababu nilikuwa nimemwambia gari linachelewa kusimama. Nililipa wote, na nikijumlisha, pesa ile ingenunua karibu tairi mbili mpya. Siwalaumu. Kila mmoja aliangalia sehemu anayoijua, na hakuna aliyeinama kusoma ubavu wa tairi.

Kisha mvua ya kwanza ya Desemba. Tulikuwa tunarudi kutoka Morogoro, tumeshapita Kibaigwa tunaelekea Mbande. Barabara iliyokaa kavu miezi mingi ikipata mvua ya kwanza inakuwa na utelezi wake, vumbi na mafuta vikichanganyika na maji, na nilikuwa nimepunguza mwendo kwa sababu hiyo. Ng'ombe wakaingia barabarani, kundi zima, kijana mchungaji akiwa nyuma yao. Nilikanyaga breki mapema. Nilisikia ABS, ule mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasigande, ikitetemeka chini ya mguu, nikasikia gari likiendelea tu kwenda, likiendelea, na nikamsikia binti yangu akisema "Mama." Nilitoka nje ya lami kushoto, kwenye kokoto, na huko ndiko gari liliposimama. Hakuna aliyeumia, hakuna ng'ombe aliyeguswa. Yule kijana alikuja dirishani kutupa pole, na mimi sikuweza kujibu kwa dakika kadhaa. Hofu ile sijaisahau, na sitaki mzazi mwingine aipate kwa ajili ya kitu kinachosomeka kwa macho.

Aliyelitatua ni mzee mmoja wa Chang'ombe anayeziba pancha na kupanga balansi. Nilipita kwake kuongeza upepo tu. Alichuchumaa, akafuta vumbi kwenye ubavu wa tairi kwa kitambaa, akaniita.

"Mama, hizi tairi ulinunua wapi?"

"Zilikuja na gari, mzee."

Akaweka kidole juu ya neno lililochorwa kwenye mpira kwa herufi kubwa: STUDLESS. "Hizi ni za barafu," akasema. "Huku hazitakiwi. Mpira wake ni laini, jua letu linaupika."

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na kila nilichosoma kilikuwa kinaelezea gari langu.

Nchi zenye theluji zina tairi za majira mawili. Finland ndiyo inayotajwa mwanzoni mwa historia hii: kampuni ya Nokian ilitoa tairi ya theluji kwa malori mwaka 1934, na miaka miwili baadaye ikatoa ya magari madogo. Japani nao kwa miaka mingi walitumia tairi zenye vijimisumari vya chuma vya kushika barafu. Tatizo likawa kwamba misumari ile ilikwangua lami na kujaza miji vumbi, watu wakahofia afya zao na kulalamika, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuzizuia. Mahali pake zikashika tairi zisizo na misumari, ambazo zilikuwa zimeshaanza kuuzwa. Bridgestone kwa mfano ilitoa Blizzak yake mwaka 1988. Jina la Kiingereza la tairi hizo ndilo lile neno alilolifuta vumbi mzee wa Chang'ombe.

Bila misumari, tairi inashikaje barafu? Kwa ulaini. Mpira wake umechanganywa ili usiwe mgumu kwenye baridi, na kila kipande cha kashata kimechanwa mikato midogo midogo, myembamba kama uzi, ili kingo nyingi ziume theluji. Watengenezaji hutaja nyuzijoto 7 kama mpaka: chini ya hapo tairi ya kawaida inaanza kuwa ngumu na ya theluji inafanya kazi yake, juu ya hapo mambo yanageuka. Hata usiku wa Julai hapa Dodoma, tunapovaa makoti, kwa kawaida hatufiki huko. Kwa hiyo tairi zangu hazikuwahi kuona hata siku moja ya hali ya hewa zilizotengenezewa. Kwenye lami ya moto, vipande vile vya kashata vinalala upande kama nywele za mswaki kila ukikata kona au ukishika breki. Ndiyo maana usukani ulichelewa, ndiyo maana nyuma kuliyumba, ndiyo maana mpira uliisha mapema. Na kwenye lami yenye maji katika nchi ya joto, tairi hizi husimamisha gari mbali zaidi kuliko tairi ya kawaida iliyo katika hali nzuri. Ule mlio wa tangu siku ya kwanza nao ulikuwa wake.

Namna ya kuzitambua, basi. Neno STUDLESS ndilo la uhakika. Kama lipo, hakuna mjadala. Pili, angalia herufi ya mwisho kwenye kipimo cha tairi. Zangu zilisomeka 215/65R16 98Q. Q ni kikomo cha mwendo cha kilomita 160 kwa saa, na tairi nyingi za theluji za Kijapani zina herufi hiyo, wakati tairi ya kawaida ya ukubwa huo mara nyingi huwa H, yaani 210. Si kwamba tutakimbia 210. Herufi inakuambia tairi imeundwa kuvumilia mwendo gani na joto la mwendo huo. Tatu, ipo alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hapa usihukumu haraka, kwa sababu baadhi ya tairi za majira yote na za nje ya lami nazo zinayo. Herufi M+S (tope na theluji) ndiyo kabisa, zinapatikana kwenye tairi nyingi za magari ya juu ambazo hapa kwetu zinafaa bila shida. Soma alama zote pamoja, kisha angalia kashata yenyewe: ile mikato ya uzi ikiwa imejaa kila kipande, una tairi ya theluji mkononi.

Jambo moja zaidi kuhusu tairi hizi. Katikati ya mifereji yake kuna vijivimbe vya mpira vinavyoonyesha kwamba kashata imebaki nusu. Kwa Wajapani, tairi ya theluji iliyofika hapo haifai tena kwa majira ya baridi, hata kama macho yetu yanaiona nene. Haishangazi basi ikiachwa kwenye gari linalouzwa nje. Na gari lililokuja na tairi za theluji lina uwezekano mkubwa wa kutoka sehemu zinazomwagiwa chumvi barabarani kuyeyusha barafu, kwa hiyo lala chini uangalie chesisi, mabomba na mikono ya magurudumu kama kuna kutu. Langu lilikuwa nayo kidogo nyuma. Niliisafisha na kupaka rangi ya kuzuia kutu kabla haijala zaidi.

Nikidhani nimeshaelewa, nikafungua mlango wa dereva kusoma ile stika iliyobandikwa kwenye nguzo. Ukubwa ulioandikwa ulikuwa 225/55R17. Gari langu lilikuwa limesimama juu ya rimu za chuma za inchi 16.

Hapo nilielewa kitu kingine. Wenzetu wa nchi za baridi wengi hununua seti ya pili nzima, tairi na rimu zake, ili wasivue na kuvalisha kila msimu. Seti ya majira ya baridi mara nyingi huwa ya rimu ndogo zaidi, za chuma, zenye tairi ya ubavu mrefu na nyembamba kidogo, kwa kuwa ni rahisi na inapenya theluji vizuri. Mwenye gari langu kule alibaki na spoti rimu, yaani rimu za aloi, za 17 au aliziuza kivyake, gari likaja na seti ya theluji. Sasa uamuzi ukawa wangu: nirudi 17 kama stika inavyosema, au nibaki 16?

Wiki hiyo kila mtu alikuwa na ushauri. Shemeji yangu alitaka niweke 18. Kijana anayeuza rimu za mtumba jirani na Majengo alinionyesha seti nzuri kweli, nyeusi inayong'aa, na tairi za 225/45R18 zikiwa tayari juu yake. "Dada, gari litakuwa na heshima," akaniambia, na kwa macho alikuwa anasema kweli. Nikachukua kalamu. Naomba ufanye hesabu hii pia, ni ya darasa la sita tu.

Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu kama asilimia ya ule upana. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Kwa 225/55R17, ubavu ni 225 mara 0.55, unapata milimita 123.75. Ziko pande mbili, juu na chini, kwa hiyo 247.5. Ongeza rimu, 17 mara 25.4, yaani 431.8. Tairi nzima ina kimo cha milimita 679 na kidogo. Kwa 215/65R16 nikapata karibu 686. Tofauti haifiki milimita 7, kama asilimia moja. Kwa zile 18 za kijana wa Majengo nikapata karibu 660. Hapo unapoteza milimita 19 na ushee ukilinganisha na stika, gari linashuka karibu sentimita moja, na ubavu wa mpira unaolinda rimu dhidi ya shimo unabaki milimita 101 badala ya 124. Ukilinganisha na 16 yenye ubavu wa milimita 140, ni mpira wa sentimita nne umeondoka kati ya shimo na chuma. Mafundi wengi husema kimo kisitofautiane na cha kiwandani kwa zaidi ya asilimia 3, na zile 18 zilikuwa zinakaribia kabisa mpaka huo.

Halafu nikasoma uzito. Namba inayotangulia herufi ya mwendo ni ya mzigo. 98 ya tairi zangu ni kilo 750 kwa kila tairi, 97 ya zile za stika ni kilo 730. Tairi zile za 18 zilikuwa na 91, yaani kilo 615. Mimi nikienda kwa mama nabeba watoto, gunia la mahindi, madumu ya mafuta ya kula, na kurudi nabeba alizeti. Sikuhitaji kuendelea kufikiri. Ningekuwa naishi na kutembea lami tupu pengine ningeziangalia tena, lakini barabara ya makorongo haijali heshima ya rimu. Mfanyakazi mwenzangu alipasua tairi nyembamba na kupinda rimu kwa shimo moja la Nkuhungu, na spoti rimu iliyopinda au kupasuka si kila fundi anaweza kuirudisha salama. Rimu ya chuma ikipinda kidogo ukingoni, nyundo na fundi makini vinaweza kuinyoosha.

Nikaamua kubaki 16. Breki zilikuwa zinaenea ndani ya rimu zile bila kugusa, jambo ambalo lazima ulithibitishe kabla ya kushusha ukubwa, maana magari mengine yana breki kubwa zisizoruhusu. Mzigo wa tairi ulizidi ule wa stika. Na bei: tairi za 16 za ukubwa huu zilikuwa rahisi na zilipatikana duka lolote, wakati za 17 nilizungushwa mjini mzima. Kwa spidomita, tairi ndefu zaidi ya asilimia moja maana yake ikisoma 100 unatembea kama 101, tofauti ninayoweza kuishi nayo.

Anayetaka kubadilisha rimu zenyewe ajue kwamba inchi hazitoshi. Forester ya toleo langu ina nati tano kwenye duara la milimita 100. RAV4 nyingi ni tano kwa 114.3, haziingii. Allion na Premio nazo ni tano kwa 100, na hapo ndipo watu wanapouziwa, kwa sababu tundu la katikati la rimu za Toyota hizo ni milimita 54.1 na kitovu cha Subaru ni 56.1. Rimu haikai mpaka ichongwe. Ukisikia fundi anasema "tutatoboa kidogo itaingia", ondoka. Kuna na namba ya mkao, huchorwa nyuma ya rimu, kwenye Subaru hizi mara nyingi ni 48. Ikiwa ndogo sana gurudumu linatokeza nje na kutesa beringi. Ikiwa kubwa sana tairi inakula mkono wa ndani.

Kuhusu tairi za mtumba nilisimama imara, na bado nimesimama. Bei yake inavutia, na najua kwa nini watu tunazinunua. Lakini nyingi zinatoka nchi zile zile za baridi, na nilipozunguka kwenye mafungu yake nilikuta STUDLESS zimechanganywa na za kawaida kwa bei moja. Tairi ina tarehe yake: tafuta tarakimu nne mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT. Ukiona 2316, imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira unazeeka hata ukilala stoo, na jua la hapa linauzeesha haraka. Watengenezaji wengi husema ikifika miaka 10 iondolewe hata kama inaonekana nzuri, na baada ya miaka mitano ikaguliwe kila mwaka. Hata dukani, tairi mpya, soma tarehe. Duka la kwanza nililoingia lilitaka kuniuzia "mpya" zilizokuwa na miaka minne zimekaa mlangoni juani.

Fundi mmoja alinishauri ninunue mbili sasa na mbili baadaye, kwa kuwa alijua mfuko wangu. Kwa gari linalovuta mbele tu ningekubali, mpya zikawekwa nyuma. Kwa gari kama hili hapana. Magurudumu manne yameunganishwa, na tairi zikitofautiana mzunguko, mfumo unaogawa nguvu katikati unafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, unapata joto na kufa. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi. Kwa hiyo nililipaki gari, nikapanda daladala na bajaji mpaka mshahara uliofuata, nikanunua nne kwa pamoja, 98H, za tarehe moja. Ziligharimu karibu laki tisa pamoja na kuvalisha, balansi na alaimenti. Iliniuma. Lakini nilikuwa nimeshamsikia mwanangu akisema "Mama" kwa sauti ile.

Wakati wa kufunga, simama hapo. Vali za mpira zibadilishwe zote, ni pesa ndogo. Nati zikazwe kwa mtindo wa nyota, si kwa kuzunguka duara, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Upepo ufuate stika, na ukumbuke stika ya Japani inaandika kPa wakati mashine zetu zinasoma psi: 220 ni kama 32, na 230 ni kama 33. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Vijana wa upepo wengi wakikuta tairi imepata moto na namba imepanda wanapunguza, na kesho yake asubuhi unatembelea tairi legevu, ambayo ndiyo inayobasti safarini.

Safari ya kwanza ya Kondoa na tairi mpya ilikuwa ya mvua. Kabla ya Mayamaya nilitafuta sehemu iliyonyooka, nyuma hakuna mtu, nikajaribu breki kwa makusudi. Gari lilisimama pale nilipotaka. Uvumi ulikuwa umeisha, na watoto walilala njia nzima.

Spea bado ni jambo. Iliyokuja na gari ni ile nyembamba ya muda, imeandikwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa na inataka upepo wa kPa 420, karibu mara mbili ya tairi ya kawaida. Nilipoipima ilikuwa karibu tupu. Kwa miiba ya migunga ya barabara ya kwa mama haitoshi. Nimenunua tairi ya tano ya ukubwa kamili na rimu ya chuma ya mtumba, hailali vizuri kwenye shimo lake, kwa hiyo naifunga kamba ndani ya buti kila ninapokwenda kijijini.

Zile nne za theluji nilimwachia mzee wa Chang'ombe. Siku mbili hazikupita akanipigia: yuko dereva wa teksi anazitaka, anatoa elfu hamsini kila moja, mzee mwenyewe anaona vibaya kumwuzia lakini tairi ni zangu, niamue. Laki mbili wakati ule zingenisaidia sana. Nikamwuliza kama dereva amesoma ubavuni. "Ameona kashata tu, mama," akasema. Nikamwomba achane mbavu za tairi zote nne kwa kisu, kusiwe na mtu wa kuzivalisha tena, na nikabaki kwenye simu mpaka aliponiambia amemaliza.